Leseni ya Kulaza Watu

Alikuja Jumanne, saa tatu unusu, chai ya ofisi haijafika,
Lali Shekuwe, aliyekuwa muuguzi wa meno hapa hospitali,
shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata,
bahasha ya kaki kwapani.

"Nataka leseni."
Ya nini?
"Ya kulaza watu."

Nikadhani gesti. Nikamtolea fomu ya vyumba,
ile inayouliza vitanda vingapi, vyandarua vingapi,
choo cha ndani au cha uani.
Akacheka kwa pua. "Si kwa kitanda. Kwa maneno.
Mtu hukaa kitini, nikamsemesha polepole,
akili ikalegea kama unga uliokandwa ukafunikwa.
Aogopaye sindano haiogopi tena.
Jino hung'oka, mato yamefumbwa, na mkono haushiki kiti."

Nikafungua daftari la biashara.
Miaka kumi na tisa nalijua, ukurasa kwa ukurasa:
kinyozi, mshona kofia, mchonga milango, muuza haluwa,
zizi la punda wa kukodi,
mitishamba (uliza wizarani).
Baina ya *kukausha papa* na *kupangisha viti vya harusi*
hamkuwa na kulaza watu kwa maneno.
Mlikuwa na *mengineyo*,
na mengineyo, mimi najua, imeshabeba mizigo isiyo yake.

Akapanga vyeti mezani.
Cha uuguzi, kimechakaa kwenye mikunjo.
Cha pili kina lakiri ya dhahabu na herufi za maua:
*Bingwa wa Usingizi*.
"Hiki ni cha siku mbili, kwa simu. Nililipa elfu nne.
Mwalimu sikumuona uso.
Nimekileta usije ukakisikia kwa mwingine.
Usikihesabu."
Cha tatu barua: miaka miwili Mombasa,
saa mia tatu chini ya daktari wa akili,
sahihi kila ukurasa, wino wa kila aina.

Nikapiga simu Mombasa. Wakasema Nairobi.
Nairobi, bodi ya kwanza ikasema hiyo si tiba.
Ya pili ikasema huo si ushauri nasaha.
Mtu wa tatu, nasikia anatafuna, akaniuliza:
"Hicho si kiinimacho? Jaribu idara ya utamaduni."

Mwanatumu alikuwa anafagia. Akasimamisha ufagio.
"Kwani bibi yangu alipewa leseni na nani?
Akiwalaza wenye uchungu kwa kuwasimulia njia,
Langoni hadi Mkomani, baraza kwa baraza,
nani kakaa, mlango upi una misumari,
na mtoto hutoka kabla hawajafika."

Lali akamgeukia, kwa adabu.
"Na alijua wakati wa kunyamaza akaita daktari?"

Mwanatumu akafagia palipokwisha kufagiliwa.
"Mmoja alichelewa kumuitia," akasema.
"Alikuwa mamangu."

Chai ikaja. Hakuna aliyeinywa.

Mwanatumu alipotoka na kizoleo, nikafunga mlango.
Nikasema: Lali, nilaze mimi. Hapa hapa, kwenye kiti hiki.
Tangu nimzike Bunu sijapata saa mbili mfululizo.
"Sina leseni."
Mimi ndiye leseni.
"Ndiyo maana," akasema.
Akakusanya karatasi zake, moja moja,
kile cha dhahabu akakitia chini kabisa.
"Nikikufungua leo, bwana karani, siyui nitakuta nini.
Na nikishindwa kukufunga,
utanishitaki kwa nani? Kwa mengineyo?"

Akataka risiti ya shilingi kumi za fotokopi.
Nikamwandikia.

Kisha nikachonga penseli,
na baina ya papa na viti vya harusi, kwa mkono mwepesi,
nikaandika: *kulaza watu kwa maneno*.
Kwenye safu ya ada nikaacha wazi.
Kwenye safu ya msimamizi nikaandika *nani?*
kisha nikaifuta alama ya kuuliza
ili ibaki kama jina.

Usiku ule nilijaribu peke yangu.
Nikafumba mato, nikatoka Langoni,
baraza kwa baraza, mlango kwa mlango, nikasalimu kila aliyekaa.
Nilifika Mkomani.
Nikageuka, nikarudi.